Jinsi ya kurivyu albamu mpya za dethi metali kutoka pande zote za dunia, mwongozo kamili

Nikimwambia mtu nasikiliza dethi metali, yaani ule muziki wa gita nzito na muimbaji anayeunguruma, swali linalokuja ni lile lile, "hivi we unasikia nini kwenye zile kelele?" na mimi nimeshaacha kukasirika maana ndo swali lenyewe ambalo rivyu, yaani uchambuzi wa albamu, inatakiwa ilijibu. Unasikia nini. Rivyu nyingi za albamu mpya hazijibu, zinasema albamu ni kali, ni nzito, inapasua kichwa, basi, ukimaliza kusoma hujui kama bendi inakimbia au inatambaa, kama muimbaji anabweka au anakoroma, na ukibadilisha jina la bendi ukaweka la bendi nyingine hakuna atakayeshtuka. Huu mwongozo ni wa mtu anayetaka kuandika kwa Kiswahili, kwa wasikilizaji wenzetu ambao bando ni la kuhesabu na wanataka kujua hii albamu ya jamaa wa Chile au Poland inastahili dakika zao 40 au hapana. Naweka hapa ninavyofanya mimi, kuanzia kuchagua mpaka kusahihisha makosa.

HATUA YA 1: KUTAFUTA ALBAMU

Tangu Julai 2015 albamu nyingi duniani zinatoka Ijumaa, kwahiyo Ijumaa asubuhi ndo siku ya kupita sokoni. Bandcamp, tovuti ambayo bendi zinauzia muziki wao, ndo sehemu nzuri ya kuanzia kwasababu bendi nyingi ndogo ziko pale, unaweza kusikiliza kabla ya kulipa na unaweza kutafuta kwa nchi au mji. Mimi naonja nyimbo moja moja za albamu kama kumi hivi halafu nachagua mbili tu: moja ya bendi yenye jina na moja kutoka nchi ambayo sijawahi kuisikia vizuri. Ukichukua tano kwa wiki hutazisikiliza, utaziandika juu juu.

Ukitaka kupata albamu kabla haijatoka waandikie lebo, yaani kampuni inayoitoa. Barua fupi: wewe nani, unaandika kwa lugha gani, kazi yako mbili tatu wazione, na lini utatoa rivyu. Usione aibu kusema unaandika Kiswahili, lebo ndogo nyingi zinafurahi kusikia zinasikilizwa huku. Wakikutumia faili na wakasema usichapishe kabla ya tarehe fulani, heshimu. Na hilo faili mara nyingi limewekewa alama ya siri yenye jina lako ndani, ukilirusha kwenye grupu la WhatsApp wanajua limetoka kwako na mlango umefungwa.

Kuhusu bando: MP3 ya kiwango cha juu, kilobiti 320, albamu ya dakika 45 ni kama MB 108. Ipakue mara moja ukae nayo kwenye simu, maana utaisikiliza si chini ya mara nne na kuistrimu mara zote hizo ni kuchoma hela bure.

HATUA YA 2: KIFAA

Hapa nisikilize vizuri. Rivyu yangu ya tatu nadhani, nilisikiliza albamu nzima kwa spika ya simu nikiwa jikoni, nikaandika kwa ujasiri kabisa kwamba besi haisikiki na aliyefanya miksi, yaani aliyepanga uwiano wa sauti za vyombo, kamuonea mpiga besi. Mtu mmoja akaniuliza kwa upole ulisikilizia nini. Nikaazima hedifoni za waya za binamu yangu, na besi ilikuwepo muda wote, tena ilikuwa ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye ile albamu, inatembea peke yake chini ya gita kama mtu anayeongea chumba cha pili. Spika ya simu haiwezi kutoa sauti za chini, na dethi metali inaishi chini: gita zenyewe zinalegezwa nyuzi, bendi za Stockholm, Uswidi, za mwanzo zilishusha uzi mnene mpaka noti ya B badala ya E ya kawaida.

Sio lazima kifaa cha bei. Hedifoni za waya za kawaida zinazoziba sikio vizuri zinatosha, ila zima zile ekwalaiza za "besi zaidi" maana zinakudanganya. Na usiongeze sauti sana, sikio likichoka kila kitu kinakuwa kelele moja na masikio hayana spea.

HATUA YA 3: SIKILIZA MARA NNE

Mara ya kwanza usishike kalamu. Weka, tembea au lala, iache ipite mpaka mwisho bila kuruka wimbo. Ukimaliza andika sentensi moja tu ya kilichobaki kichwani, hata kama ni "sikukumbuka chochote", hiyo nayo ni habari.

Mara ya pili daftari mkononi na muda. Sio "wimbo wa tatu mzuri". Andika hivi:

Wimbo 3, 2:10, kila kitu kinakata, besi peke yake mizunguko minne
2:31, ngoma zinarudi nusu ya kasi, hapa ndo uzito
4:05, solo, imekatishwa ghafla, kwanini?

Mistari kama hiyo ndo itakuokoa siku ya kuandika, kwasababu kumbukumbu inakwambia tu "kuna sehemu pazuri hivi".

Mara ya tatu fuata chombo kimoja, wimbo mzima ngoma tu, unaofuata besi tu. Mara ya nne ni baada ya kulala, yaani kesho yake au hata siku tatu baadae, na hii watu wanairuka sana lakini mimi imenibadilishia mawazo mara nyingi. Albamu inayokupiga kofi siku ya kwanza wakati mwingine siku ya tatu haina kitu, na ile uliyoiona ya ovyo inaanza kufunguka.

Mfano, Blood Incantation wa Denver, albamu yao iliyotoka 4 Oktoba 2024, waliyorekodi studio za Hansa kule Berlin. Ina nyimbo mbili tu, kila moja kama dakika 20 na imekatwa vipande vitatu. Ukisikiliza mara moja utasema dethi metali, halafu kinanda cha anga za mbali, halafu dethi metali tena, wamechanganya mafaili. Ukirudia unaanza kusikia kipi kinaandaa kipi. Huwezi kuirivyu hiyo kwa mara moja, ni kumkosea aliyeifanya na anayekusoma.

HATUA YA 4: JUA UKOO WA SAUTI

Kila bendi mpya imetoka kwenye ukoo, hata ile inayosema haina ukoo. Ukiujua unaweza kumwambia msomaji hawa wamerithi nini na wameongeza nini. Nitataja zile koo ambazo utakutana nazo kila wiki. Nikitaja mwaka peke yake baada ya jina la bendi, ni mwaka wa albamu yao ya kwanza.

Florida kwanza. Possessed wa California walitoa albamu 1985 na Death ya Chuck Schuldiner ikafuata 1987, lakini sauti yenyewe ilikaa sawa pale Tampa, studio ya Morrisound, kwa mikono ya fundi mitambo Scott Burns na wenzake. Morbid Angel na Obituary wote 1989, Deicide 1990, na Cannibal Corpse walitoka Buffalo kabisa kwenda kurekodi pale na baadae wakahamia huko huko. Sauti ya Tampa ni safi kwa kiasi chake: ngoma za mguu zinasikika moja moja, gita kavu, zimebana.

Stockholm ni kinyume. Studio ya Sunlight, Tomas Skogsberg kwenye mitambo, na pedali ndogo (kile kidude cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gita) ya Boss HM-2 yenye vitufe vinne vyote vimezungushwa mpaka mwisho. Entombed 1990, Dismember 1991. Hiyo sauti ukishaijua huikosei tena, ni msumeno wa kukatia mbao unaoingia kwenye mninga mbichi, una mchanga mchanga ndani yake. Leo bendi ya Ujerumani, ya Uhispania, ya Marekani, zote zinanunua hiyo pedali au nakala yake, kwahiyo ukisikia msumeno usiandike "sauti yao ya kipekee" tafadhali, andika wamechukua msumeno wa Stockholm halafu useme wamekata nao nini.

New York ni Suffocation wa Long Island, 1991, ngumi nzito, midundo inakatika na kugeuka ghafla, humo ndo zimetoka bendi nyingi za kikatili na za slamu, yaani dethi metali ya midundo mizito ya polepole. Incantation 1992 ni ukoo mwingine, giza, polepole halafu haraka, kama sauti inatoka pangoni, na bendi nyingi sana za sasa zinazosikika zimefunikwa na ukungu ni wajukuu wa hawa. Finland kuna Demilich, 1993, muimbaji sauti yake iko chini kiasi kwamba wenyewe waliona waandike kuwa hawakutumia mtambo wowote kuibadilisha. Brazil kuna Krisiun, ndugu watatu wa baba mmoja mama mmoja, kasi kasi kasi. Poland Vader na Decapitated. Kanada Gorguts, albamu yao ya 1998, ambayo gita zake zinalia kama vyuma vinavyosuguana na ndo mlango wa bendi zote za noti zinazogombana, mpaka Ulcerate wa Auckland, New Zealand.

Halafu Indonesia, ambako watu hawaangalii sana na wanakosea. Bandung, mtaa wa Ujung Berung, kuna kizazi kizima cha dethi metali ya kikatili. Bendi mojawapo inaitwa Jasad. Kwa Mswahili hilo jina halihitaji tafsiri, ni jasadi, neno lile lile la Kiarabu limefika kwao na kwetu.

Majina yaangalie kabla hujaandika, kwa kweli. Kuna Duma, vijana wawili wa Nairobi waliorekodi Kampala na kutoa albamu 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes. Wao ni graindikoo, binamu wa dethi metali mwenye nyimbo fupi za kasi kubwa, iliyochanganywa na mashine za elektroniki, sio dethi metali moja kwa moja, ila wasomaji wako watakuuliza. Wewe ukisoma jina unamuona mnyama anakimbia mbugani, kumbe kwa Kikuyu ni giza. Ungeandika aya nzima ya duma anayewinda ungeaibika.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Bendi za Botswana kama Wrust na Overthrust zimeandikwa sana na vyombo vya nje, na karibu zote ni habari za makoti ya ngozi na kofia za kikauboi za mashabiki, picha nzuri kweli, lakini rifi, ile sentensi ya gita inayojirudia, je? Ngoma je? Ukirivyu bendi ya Afrika, au ya Nepal, au ya Misri kama Scarab wa Cairo, fanya kazi ile ile unayomfanyia Mswidi. Usisifie kwasababu umeshangaa wapo, na usipunguze kwasababu studio yao ilikuwa ndogo. Mwanamuziki anataka asikilizwe.

HATUA YA 5: ELEZA UNACHOSIKIA, KWA KISWAHILI

Hii ndo roho ya kazi yote. Kiswahili kina maneno ya sauti ya kutosha, tatizo tunayaacha tunakimbilia "brutali" na "epiki".

Ngoma. Blastibiti ni pale sneya (ngoma ndogo yenye mlio mkali), ngoma ya mguu na toazi vinapopigwa mfululizo kwa kasi. Usiishie "dramu zina kasi". Sikiliza sneya na mguu vinapokezana au vinapigwa pamoja. Vikipokezana unasikia mtiririko, cherehani ya fundi anayekimbizana na nguo za Idi. Vikipigwa pamoja ni vishindo, mchi kwenye kinu ila mara nane kwa sekunde. Kasi yenyewe unaweza kuipima, kuna programu za bure za metronomu unagonga kwa kidole inakupa namba. Mapigo 240 kwa dakika ni manne kila sekunde, na msomaji akisoma namba halafu kinu anaelewa. Angalia pia kama mguu una uhai: kila pigo likitoka na ukubwa ule ule, tik tik tik kama taipureta, kuna kompyuta imeingilia kati. Sio dhambi, ila iseme.

Gita. Kuna kuchakura uzi mmoja haraka haraka mpaka noti zinakuwa kama nyuki, kuna kulaza kiganja kwenye nyuzi ili sauti ikabwe itoke kama kifua kinakohoa, na kuna kuziachia nyuzi zilie. Bendi nyingi zinatumia vyote, swali ni lini na kwanini. Kipimo changu cha rifi ni kama naweza kuiimba kwa mdomo nikiwa naosha vyombo siku ya pili. Kwa bendi za noti zinazogombana kipimo hicho hakifai, hapo najiuliza kama ninajua niko wapi kwenye wimbo au nimepotea, na kama kupotea kwenyewe kuna raha.

Besi nimeshasema. Itafute.

Sauti. Usiandike "anaimba kwa sauti nzito". Anaunguruma kama simba, tumboni? Anakoroma, puani na kooni? Anabweka maneno mafupi mafupi? Anabeua, kama yule wa Demilich, kama mtu aliyeshiba anabeua chini ya kisima? Anapiga yowe? Wengi wanabadilisha ndani ya wimbo mmoja na mabadiliko hayo yana sababu. Sema pia kama maneno yanasikika au hapana, na yasiposikika usidhani ni kosa, John Tardy wa Obituary kwenye albamu yao ya kwanza sehemu kubwa alikuwa anatoa sauti tu bila mashairi kamili na ile albamu inapendwa mpaka leo.

Mwisho miksi. Fungua wimbo kwenye Audacity, ni programu ya bure, utazame umbo la mawimbi. Kama ni tofali limenyooka juu na chini kuanzia mwanzo mpaka mwisho, wameipandisha sauti kupita kiasi, hakuna kilima wala bonde, ndo maana umechoka wimbo wa nne bila kujua sababu.

HATUA YA 6: MASHAIRI

Soma mashairi kama yapo. Bolt Thrower wa Coventry waliimba vita, Carcass wa Liverpool walichukua maneno ya vitabu vya udaktari, Nile wa South Carolina wao ni Misri ya kale. Na zipo zinazoimba kumpinga Mungu wazi wazi, Glen Benton wa Deicide alijichoma alama ya msalaba uliogeuzwa kwenye paji la uso. Wengi wetu tunaishi kwenye nyumba za swala au za kwaya na wasomaji wetu pia, kwahiyo mimi nasema mapema, sentensi moja, mashairi yanahusu nini, msomaji ataamua mwenyewe. Sihubiri wala sifichi. Ila bendi ikiwa ya kibaguzi wa rangi siirivyu kabisa, naangalia kwanza, sitampa nafasi mtu anayenichukia.

HATUA YA 7: HAKIKI

Dakika kumi tu. Idadi ya nyimbo, urefu, lebo, studio, nani anapiga nini, ni albamu ya ngapi. Encyclopaedia Metallum, tovuti ya kumbukumbu za bendi za metali, ipo tangu 2002 na ina karibu kila bendi, ila linganisha na ukurasa wa bendi wenyewe. Bendi zenye jina moja ni nyingi mno, angalia nchi na mwaka.

HATUA YA 8: KUANDIKA

Anza na sauti, usianze na historia ya bendi. Msomaji akifika mstari wa tatu awe ameshasikia kitu. Hii ni mbaya: "Ulcerate wamerudi tena na albamu kali sana yenye nguvu na hisia, hutajuta." Hii ni jinsi ningeandika kuhusu albamu yao ya 14 Juni 2024:

"Mpiga gita ni mmoja, Michael Hoggard, lakini noti zake zinaning'inia zikigongana kama kengele mbili zisizopatana, na kabla hazijanyamaza nyingine zimeshafika. Chini yake Jamie Saint Merat hapigi mdundo wa kukufanya utikise kichwa, anamwaga ngoma kama mawe yanateremka korongoni, halafu ghafla anaacha toazi moja tu linapumua. Nyimbo ni 7 na ni ndefu, hakuna inayokimbilia mahali. Kama unataka rifi za kushika haraka hapa utachoka, kama umewahi kukaa ufukweni ukaangalia mawimbi ya kusi bila kusema neno, hii ni yako."

Umeona, nimesema nani atachoka. Hiyo sentensi ni muhimu kuliko sifa zote, maana albamu hiyo hiyo ni zawadi kwa mmoja na adhabu kwa mwingine. Baada ya hapo weka ukoo, nyimbo mbili za kuanza nazo na dakika zake, udhaifu, na bei kama unaijua. Maneno 400 mpaka 600 yanatosha. Udhaifu useme kwa mfano, "wimbo wa tano una rifi ile ile ya wimbo wa pili", usiseme "wamebahatisha" au "hawana kipaji", hujui wamepitia nini mpaka kurekodi.

HATUA YA 9: ALAMA

Mimi sitoi. Ukitoa, tumia ngazi chache, tano zinatosha, na mbili iwepo kweli. Kama albamu zako zote zina nane na nusu juu ya kumi msomaji atazoea kuruka namba.

HATUA YA 10: BAADA YA KUTOKA

Watumie bendi kiungo, hata kama haukuwasifia, na waelezee kwa Kiingereza kifupi ulichosema. Bendi ndogo zinajibu, mara nyingi mpiga ngoma ndo anajibu, na ukimuuliza kitu cha kweli, ile 2:31 mlipunguza kasi kwanini, atakuandikia ukurasa mzima. Kama albamu umeipenda inunue pia, kama wanaruhusu unalipa unachoweza lipa hata dola moja.

Na ukikosea sahihisha juu kabisa, sio chini ambako hakuna anayefika. Ile rivyu yangu ya besi sikuifuta, ipo, sentensi ya kwanza sasa hivi inasema nilisikiliza kwa spika ya simu na nilikosea, halafu inataja sehemu tatu za kusikiliza, wimbo wa pili, wa nne na wa mwisho, ambapo mpiga besi anasikika peke yake.